Katani Iliyozungushwa Kinyume

Siku ya arobaini ya Baba, wageni walipomaliza kula na majamvi kukunjwa, mdogo wangu Shabani alivuta sanduku la vifaa vya kazi kutoka chini ya kitanda akalifungua katikati ya chumba. Harufu ilinifikia kabla sijaona kilichomo. Ilikuwa harufu ya chuma chenye kutu, ya rangi ya mafuta iliyokauka siku nyingi, na ya katani. Mtu aliyekulia Korogwe hasahau harufu ya katani. Hata ikikauka ina ukali wake unaokaa nyuma ya pua. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, lakini nilirudi nyuma hatua moja kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Shabani alikuwa anapanga vitu: spana huku, msumeno wa chuma kule, na vya kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu anatia kwenye gunia. Humo kwenye gunia akatupa kipande cha bomba kilichopinda kama kiwiko, kile ambacho mafundi hukiita elbo, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kaniki. Nikakitoa. Shabani akacheka.

"Dada, wenzio wanagombea mashamba, wewe unagombea kutu?"

Nikamwambia kila mtu na urithi wake. Hakujua, na asingeweza kujua. Yeye alizaliwa baada ya mambo yote hayo, katika nyumba ambayo maji yalikuwa yanatoka jikoni tayari, na akakua akidhani ndivyo nyumba zote zilivyo.

Mimi nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Babu mzaa baba alitoka Songea na kundi la manamba, wale vibarua walioandikwa kwa namba kuja kukata mkonge, na hakurudi tena kwao. Baba hakukata mkonge. Alikuwa msaidizi wa fundi bomba. Kambini kulikuwa na bomba moja kwa kila safu ya nyumba, na kwa akili yangu ya kitoto maji yalikuwa yanaishi ndani ya chuma, kama maziwa yanavyoishi ndani ya ng'ombe. Baba alizunguka na spana begani, na pale alipogusa, maji yalitoka. Basi niliamini kwamba ni yeye anayeyatengeneza, na nilishangaa kwa nini watu hawamshukuru zaidi.

Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana, mashamba yamekuwa mali ya umma, na shuleni tuliimba kwamba kila kitu sasa ni chetu. Lakini bei ya mkonge ilikuwa inashuka. Korona, yaani ile mashine kubwa ya kuchuna majani, ikawa inanguruma siku moja na kulala siku tatu, na watu wakaanza kupunguzwa. Baba naye akapunguzwa. Tukafunga mizigo tukahamia Handeni kwa kina Mama, kijiji kilichoko ndani kidogo kutoka Mkata, ambako watu ndiyo kwanza walikuwa wamekusanywa wakae pamoja. Nyumba zilipangwa mistari miwili kama wanafunzi kwenye gwaride, na kila mtu aliitwa ndugu.

Kuishi ukweni si jambo dogo kwa mwanamume. Mjomba Selemani, kaka yake Mama, alimpokea Baba kwa moyo mweupe na kumwonyesha pa kulima mahindi na mihogo. Lakini kwenye baraza ya duka la ushirika wanaume walimwita Shemeji Manamba, na kila walipolitamka walicheka. Baba naye alicheka. Sikujua wakati ule kwamba mtu anaweza kucheka huku anaumia.

Nayo maji, wacha niseme. Upande ule wa Handeni, mvua zikikatika, habari ya kwanza ya kila asubuhi ni maji, chakula kinafuata. Tulichota kwenye lambo, bwawa la kuchimbwa ambalo kiangazi kikikomaa lilibaki tope katikati na nyayo za ng'ombe pembeni. Wanawake waliondoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kuwa kali. Mama alikuwa anajua kubeba. Aliviringisha kanga yake kuwa ngata, akaiweka utosini, akainuka na debe zima bila kulishika, na njia nzima alikuwa anapiga soga.

Ila Mama alikuwa amepoteza watoto wawili baada yangu. Mmoja hakufikia kuzaliwa. Wa pili alifika, akakaa nasi wiki mbili, akaenda zake. Kwa hiyo mwaka ule mimba ya tatu ilipoonekana, Bibi, mama yake Mama, alikuja nyumbani kwetu akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akasema na Baba bila kuzungukazunguka.

"Baba Mwanaidi, huyu safari hii asibebe maji. Kichwa kikibeba, tumbo linasikia. Akimpoteza huyu, hatapata mwingine, mimi nawaambieni."

"Nimesikia, mama mkwe," Baba akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba kesho yake Baba alichukua ndoo akaenda lambo. Hakwenda. Kwetu mwanamume alibeba gunia, alibeba gogo, alibeba hata mgonjwa mgongoni, lakini maji kichwani hakubeba. Ingekuwa sawa na kujifunga kanga akapita nayo barabarani, tena mwanamume mwenyewe anaishi ukweni, tena ni mtoto wa manamba. Kufunga madebe mawili kwenye baiskeli kungesameheka, maana chombo kinambebea mbebaji aibu yake. Na baiskeli tulikuwa nayo. Lakini wiki ile ile aliipeleka Korogwe, kwa karani mmoja wa zamani wa shamba, akarudi na gari la watu akiwa na bati kuukuu, mabomba ya chuma, koki ya shaba na fungu zima la katani.

"Mimi nitamletea mke wangu maji mpaka jikoni," alisema. "Nitaweka bomba."

Mama alitazama yale mabati, akatazama mahali baiskeli ilipokuwa inaegemea.

"Bomba la kutoka wapi, baba Mwanaidi? Mto uko wapi huku?"

"Mbinguni," Baba akajibu, na akacheka peke yake.

Mpango wake haukuwa wa kijinga, ninaweza kuutetea hata leo. Aliezua nyasi, akaezeka bati. Pembeni mwa paa aliweka mfereji wa bati wa kukinga mvua. Nyuma ya jiko akajenga tangi la matofali ya kuchoma juu ya jukwaa la mawe linalofika kifuani, ili maji yashuke yenyewe. Chini ya tangi bomba lingetoka, lingepinda kwa elbo, lingepita ukutani na kuishia jikoni kwa koki. Mvua za vuli zikinyesha, Mama angefungua koki akiwa amekaa kwenye kigoda. Mtoto angezaliwa maji yakiwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, nayo ilihitaji mambo mawili tu: amalize kabla ya mvua, na Mama afike salama hadi siku hiyo.

Mimi nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Baba alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya bomba alipokuwa anachonga meno ya kukazia, na mtu huyo nikawa mimi. Akanipa jina: fundi mwenzangu. "Fundi mwenzangu, lete spana. Fundi mwenzangu, mafuta." Nikasamehewa kwenda lambo. Wenzangu walipita na vindoo vyao wakinitazama kwa kijicho, na mimi nikajifanya siwaoni.

Mama ndiye aliyekwenda. Hapo ndipo penye jambo ambalo sikuliona kwa macho ya kitoto: tangi la maji hujengwa kwa maji. Udongo wa kukandika ukuta upya ulitaka maji. Saruji ilitaka maji ya kuchanganyia, na ikishapigwa ilitaka kunyweshwa asubuhi na jioni isije ikapasuka. Saruji yenyewe ilikuwa ya kupigania siku zile. Baba aliipata mifuko michache kwa foleni na kwa kubembeleza, na akaitilia mchanga mwingi ili itoshe. Kadiri tangi lilivyopanda, Mama alizidi kwenda lambo, na tumbo nalo linapanda. Jioni moja nilimsikia akimwambia Baba, "Nipe hata mtoto anisaidie kindoo kimoja." Baba alisema kidogo tu, kazi inakaribia kwisha. Mama akanitazama, mikono yangu imejaa rangi nyekundu ya kuunganishia mabomba mpaka viwikoni, akasema, "Basi mwache akusaidie." Akaenda.

Nilidhani amekasirika. Nilidhani ana wivu kwa kuwa Baba alikuwa ananiita fundi, na yeye hamwiti chochote. Hivyo ndivyo nilivyomsoma mama yangu, mjamzito wa miezi saba, akishika njia ya lambo mara ya pili kwa siku.

Kuunganisha mabomba wakati ule hakukuwa na utepe mweupe kama wanaotumia vijana sasa. Ulichukua nyuzi za katani, ukazizungusha juu ya meno ya bomba, ukapaka rangi nzito ya mafuta, halafu ukakaza kwa spana. Katani ikilowa inavimba na kuziba. Baba aliipenda kazi hiyo. Alikuwa anasema baba yake alikata mkonge miaka yote na hakuwahi kuuona unamfaa mtu. Yeye angalau ataufanya umzuilie maji.

Siku ya kuweka elbo chini ya tangi, alikuja kijana kumwita. Ilikuwa zamu yake kwenye shamba la kijiji, na mwenyekiti alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili kwa nini ndugu huyu haonekani. Baba akafuta mikono.

"Fundi mwenzangu, zungusha katani kwenye meno haya, paka rangi, nikirudi nakaza."

Alikuwa amenionyesha namna ya kuzungusha. Nilikuwa nimemwona mara kumi. Lakini nilipobaki peke yangu na chuma mkononi, mikono ilikwenda ilikozoea. Nikazungusha kama Mama anavyozungusha ngata, kanga ikizunguka kuelekea kushoto, raundi juu ya raundi, nzuri, imebana. Nikapaka rangi nyingi. Ilipendeza, na nilikaa nikisubiri kusifiwa.

Baba alirudi jua linazama, mgongo unamuuma, akakaza haraka haraka. Nakumbuka nyuzi zilianza kujitokeza pembeni mwa elbo kama ndevu, naye akasema, "Umeipa katani nyingi, si kitu," akazikata kwa kisu. Kesho yake asubuhi akaijaza sehemu ile mawe na udongo, akaishindilia, akapiga na saruji juu.

Mchana tukafunga koki jikoni. Safari hii aliifanya mwenyewe, polepole, akinifundisha kama mwalimu.

"Angalia vizuri. Katani unaizungusha inakoelekea spana. Ukiizungusha kinyume, ukikaza yenyewe inajifungua. Unaona imefungwa, kumbe ndani hamna kitu."

Nikayatazama mawe yaliyoshindiliwa. Mdomo ulikuwa wazi, neno liko ulimini, na nikalimeza. Sikuogopa fimbo, Baba hakuwa mpigaji. Niliogopa kwamba hataniita tena fundi mwenzake, kwamba kesho atasema nenda na mama yako lambo. Kwa ajili ya jina hilo nilinyamaza. Nikajiambia pengine rangi itazuia.

Baba alikwisha kumwalika Mjomba Selemani na wazee wa barazani waje Ijumaa baada ya sala waone koki ikifunguliwa. Mvua hazijaonyesha hata wingu. Kwa hiyo maji ya kufungulia yalikuwa yabebwe. Bibi aliposikia alikuja mbio, fimbo mkononi.

"Mnamtilia maji kwenye tangi ili wanaume waangalie?"

"Mama, ni mara ya mwisho," Mama akamwambia, akiwa anaviringisha ngata. "Akimaliza hili, sibebi tena. Acha amalize, na yeye apate kuinua uso."

Wanawake wawili watatu walimsaidia, lakini kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Jumatano na Alhamisi Mama alikwenda na kurudi. Soga zilikwisha. Alikuwa anamkabidhi Baba ndoo, Baba anamimina tangini, mimi nimesimama kwenye jukwaa nikisikia maji yakianguka ndani. Na usiku, wakati sisi tumelala, maji yale yalikuwa yanapita kwenye katani yangu na kwenda zake ardhini.

Ijumaa walikuja na kanzu zao. Baba alivaa shati lake la kambini. Akafungua koki. Koki ilikohoa, ikatoa uzi mwembamba wa maji yenye kutu, ikadondosha matone matatu, ikanyamaza.

Mzee mmoja akasema, "Shemeji, bomba lako limefunga Ramadhani kabla yetu."

Walicheka, na Mjomba Selemani alitazama chini. Baba alipanda kwenye tangi, akachungulia, akashuka. "Saruji," alisema. "Nimeiweka haba. Sakafu ya tangi imepasuka." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa nimepewa nafasi ya pili ya kusema, na nikaiacha nayo ipite. Jioni alianza kuchanganya saruji iliyobaki, na kulipokucha Jumamosi hapakuwa na maji nyumbani hata ya kunawa uso. Mama akachukua debe.

Baba alimwona akienda. Ilinichukua miaka mingi kulikubali hilo, maana nilitaka kosa lote liwe langu. Ilikuwa rahisi kulibeba likiwa zima. Alimwona, akainamia saruji yake.

Walimleta Mama kwa kitanda, wanawake wanne, kanga zimetandikwa juu yake. Mtoto alikuwa wa kiume. Bibi alisema alilia mara moja, pale pale kando ya lambo, kama mtu anayeuliza kitu, na hakulia tena. Mama alikuwa hai, ila amekuwa wa rangi ya majivu, na damu ilikuwa haijakatika.

"Maji!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani. "Leteni maji, nimwoshe mtu na mtoto wake!"

Hakukuwa na maji. Yote yalikuwa yamekwenda kwenye tangi. Nikamwona Baba anasimama uani, mikono imejaa saruji, akitazama ndoo tupu iliyokuwa kando ya tangi. Kisha akaokota kanga ya Mama iliyodondoka mlangoni, akajaribu kuiviringisha. Hakujua. Akaifanya donge tu, akaiweka kichwani, akachukua ndoo, akatoka.

Njia ya lambo inapita mbele ya baraza ya duka la ushirika. Nilimfuata kwa mbali. Wakati wa kwenda wanaume walinyamaza. Wakati wa kurudi alikuwa ameishika ndoo kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa, maji yanamwagika usoni na kifuani, na sikuweza kujua yapi ni ya ndoo na yapi ni yake. Mmoja wa barazani alisimama, halafu wa pili, halafu wote wakasimama mpaka akapita. Tangu siku ile sikumsikia mtu yeyote akimwita Shemeji Manamba.

Lakini ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Baada ya mazishi Bibi alimwambia mbele ya ukoo mzima: "Umemuua mjukuu wangu kwa bomba lako." Watu wakasema maji yakimwagika hayazoleki, nami nilitamani wanyamaze wote. Mjomba akamuuliza Baba ana la kusema. Baba akasema, "Saruji ilikuwa haba. Kosa ni langu." Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nimeuma pindo la gauni langu. Nikaliweka jambo langu ndani, na humo likakaa.

Baba alibeba maji kichwani kila siku mpaka mvua zilipoanza. Kabla hazijaanza, siku moja niliporudi kutoka shule nilikuta amefukua mawe chini ya tangi na kuyarudishia. "Nimebadilisha elbo," akaniambia, akisafisha spana bila kunitazama. "Ya zamani ilikuwa na kutu." Nikamshukuru Mungu kwa ile kutu. Niliamini kabisa kwamba rangi nyekundu nyingi niliyopaka imenificha.

Kisha mvua ikanyesha, siku tatu mfululizo, na tangi likajaa. Baba alimwita Mama jikoni. "Fungua mwenyewe." Mama alifungua. Maji yakatoka kwa nguvu, meupe, yakipiga chini ya debe kama ngoma. Mama alilijaza. Akaviringisha kanga, akaweka ngata utosini, akainua debe akajitwika, akatoka mpaka katikati ya ua, na pale akasimama. Alisimama na debe kichwani, mvua ikimnyeshea, hajui alipeleke wapi.

"Mama Mwanaidi," Baba akamwita kwa upole. "Umekwisha kufika."

Mama alibaki amesimama na debe kichwani, nami nikaenda nikajifungia chooni nikalia.

Bibi alikosea jambo moja: Shabani alikuja, miaka mingi baadaye, tulipokuwa hatumtarajii. Nyumba ilipata kicheko tena. Lakini mimi sikuwahi kuwa fundi mwenzake tena. Niliomba mwenyewe kwenda lambo wakati wa kiangazi, na nilibeba mpaka shingo ikaniuma, na kila mtu alinisifu kwa bidii. Nikaolewa Korogwe, nikazaa. Kila nilipomwona fundi amepiga magoti chini ya sinki nilitoka nje.

Baba alipougua mara ya mwisho nilikuja kumuuguza. Siku moja nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko, nikaona nisipolisema leo sitalisema. Nikaanza: "Baba, ile elbo ya chini ya tangi..."

Akafumbua macho. "Saruji ilikuwa haba, mama," akasema. Alikuwa ananiita mama tangu nilipokuwa mkubwa. "Saruji haba na mchanga mwingi. Usijisumbue." Akageukia ukutani. Nikadhani ugonjwa umemchanganya, nikafuta kidevu chake, nikaliacha.

Sasa hii elbo. Nilitoka nayo pale kwenye sanduku, nikapita hadi chumba cha uani ambako Mama alikuwa amekaa eda, nikasimama dirishani kwenye mwanga. Nikakifungua kile kitambaa. Alikuwa amekata bomba kwa msumeno pande zote mbili ili asiifungue, kiungo kibaki kama kilivyokuwa. Rangi nyekundu ilikuwa imepasuka na kubanduka, na chini yake nyuzi za katani zilionekana vizuri, moja baada ya moja, zimezunguka kuelekea kushoto kama ngata.

Sikujua kwamba nimetoa sauti, mpaka Mama aliponiambia nikae.

"Alikuonyesha mwenyewe?" akauliza.

"Hapana. Iko sandukuni."

Mama alinyoosha mkono. Ni mzee sana sasa, vidole vimepinda, lakini alivipitisha juu ya katani kama anayejua inakokwenda.

"Siku alipoifukua aliniletea kitandani," alisema. "Mimi nikataka kukuita nikuulize. Nilikuwa na hasira, Mwanaidi, siwezi kukudanganya. Akapiga magoti akaniapisha. Alisema, mtoto huyu, aliyemwachia kazi ya mtu mzima ni mimi. Baiskeli nimetoa mimi. Nimekuona unachukua debe nikakuacha, mimi. Usimtwike."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii."

"Nilinyamaza. Mwanzo kwa sababu ya kiapo. Baadaye kwa sababu nilikuwa nakuona unavyobeba maji."

Nilitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno kwa umri wake, lilikuwa limekaa mdomoni tangu nina miaka tisa. Nikaweka kichwa changu mapajani mwake. Yeye akakitazama, akaweka mkono pale utosini, mahali pa ngata, akaubakiza pale. Nje nilimsikia Shabani akifunga gunia lake la vyuma.

Mama akajikohoza. "Koo limenikauka kwa maneno," akasema. "Nenda jikoni kaniletee maji ninywe."

Nikainuka, nikaenda nikafungua koki.